Kadi ya Ulaya na Cherehani ya Mama Noa

Mwanamume anayeagiza suti kwa kadi kabla hajanunua soksi, usimwazime hata kiberiti. Noa mwana wa Dorkasi alikuwa wa namna hiyo. Mwaka wa 1955 alikuwa karani mdogo wa stoo kwenye shamba moja la mkonge huko Mwera, wilaya ya Pangani, na tayari alikuwa na suti ya kijivu, kofia ya pama, na viatu vya rangi mbili, vyeupe na kahawia, vyote vimeletwa kwa meli kutoka Uingereza. Soksi hakuagiza. Soksi, alisema, hazionekani.

Vitu vyenyewe alikuwa hajavilipia. Alikuwa na kadi. Lilikuwako duka moja huko Uingereza, jina lake tuliache, lililokuwa likituma kitabu kinene cha picha mpaka huku kwetu. Mtu mwenye mshahara na barua ya meneja wake alijaza fomu, akaletewa kadi ya kijani yenye jina lake. Ukishakuwa na kadi unachagua kwenye picha, vitu vinakuja, halafu unalipa kidogo kidogo, kwa pauni zao, kupitia posta. Noa aliitia kadi yake kwenye mfuko wa shati, akaacha ncha ichungulie nje, akawa anapita nayo kambini asubuhi na jioni, nyumba kwa nyumba, utadhani anasimamia usafi.

Mama yake alimtazama, akatema mate pembeni.

"Noa, mwanangu. Suti hiyo ni ya nani?"

"Yangu, mama."

"Umeshailipa?"

"Naendelea kuilipa."

"Basi si yako. Wenyewe wako Uingereza. Wewe ni msumari tu, wamekutundikia nguo yao."

Watu wa kambi walicheka mpaka wakashika mbavu, na kwa muda Noa akaitwa Msumari. Dorkasi alikuwa na mdomo huo. Alikuwa Mshambaa, Mlutheri, ameteremka na mumewe kutoka milimani kuja kutafuta kazi. Mume alikufa akiwa nyapara wa wakataji mkonge, na yeye akabaki palepale kambini, akifanya kazi ya kuanika mkonge asubuhi na kushona nguo za watu kwa mkono mchana. Shule alifika darasa la nne. Alisoma Kiswahili bila kigugumizi, alijua hesabu, na aliwadharau watu wengi, lakini makarani aliwadharau kuliko wote, kwa kuwa mmoja alikuwa amemzaa mwenyewe.

Sasa sikiliza mwanamke huyu alivyonaswa. Januari ya mwaka huo Noa alishuka kwenye lori la shamba na sanduku la mbao. Ndani yake mlikuwa na cherehani ya miguu, mpya, nyeusi, yenye maua ya dhahabu ubavuni.

"Zawadi yako, mama. Macho yako yasiharibike kwa kushona usiku."

Dorkasi akalisogelea sanduku. Alipapasa gurudumu, akalizungusha kidogo, likazunguka bila sauti. Hakuuliza ni ya nani. Hakuuliza imelipwa au bado. Mwanamke yule aliyemwita mwanawe msumari mbele ya kambi nzima alijifuta mikono kwenye kanga, akakaa, akaweka mguu, akaanza kushona.

Hazikupita wiki mbili akawa hasemeki. Jirani yake alikuwa Praxeda, mama Bibiana, Mngoni Mkatoliki, mwanamke mnene mwenye kusema pole pole. Praxeda alileta kitambaa cha gauni la Bibiana.

"Kiweke pale juu ya vile vingine," Dorkasi akamwambia bila kusimama. "Nina foleni."

"Zamani hukuwa na foleni, mama Noa."

"Zamani nilikuwa na vidole kumi. Sasa nina chombo kutoka Uingereza. Na bei imepanda, shilingi mbili zaidi."

"Kwa gauni lilelile?"

"Gauni lilelile, mishono ya Kizungu."

Praxeda alilipa. Wengi walilipa. Kwa mara ya kwanza tangu kufiwa, Dorkasi alikuwa na pesa ya kuezeka paa upya, na alitamba nayo kanisani, kisimani na kwenye kamba za kuanikia mkonge. Maisha yake yote sasa yalisimama juu ya miguu minne ya chombo kile.

Aprili, baada tu ya Pasaka, Noa akaja kuaga. Kazi ya stoo ilikuwa haimfai tena, alisema, mtu wa hadhi yake hawezi kuhesabu magunia. Amepata chumba Tanga mjini, mtaa wa Usagara, na rafiki yake atamtafutia kazi bandarini. Alisimama mlangoni na suti yake kwenye joto lile, jasho linamshuka mpaka kwenye kola.

"Na kadi?" mama akauliza. "Mshahara umeuacha. Kadi italipwa na nani?"

Noa akageuza kofia mikononi. "Nimelipa mara mbili, mama. Bado mara kumi."

"Ukiacha kulipa?"

"Duka lina wakala wake Tanga. Atakuja kuchukua."

"Achukue. Vua umpe, suti, kofia na viatu vyako kama miguu ya bata."

"Nguo iliyovaliwa hawaichukui." Akatazama chini. "Wanachukua vitu vya chuma."

Chumbani mle kulikuwa na kitu kimoja tu cha chuma chenye thamani. Mama na mwana wakakitazama pamoja.

Dorkasi hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimtazama kijana kutoka kofia mpaka viatu, akarudi tena juu, kama mtu anayekagua samaki aliyelala siku mbili. "Zawadi," akasema. "Ulinipa zawadi ukaiacha kamba mkononi mwa Mzungu. Lete hiyo kadi."

"Mama, kuna taratibu zake, ngoja nikueleze..."

"Utanieleza nini wewe? Umelipa mara mbili ukachoka. Mimi nimejaza vipande miaka kumi na mmoja bila kuacha hata kimoja. Vyumba vingapi?"

"Kumi na viwili. Ukivijaza vyote cherehani ni yako. Kila chumba pauni moja, shilingi tano na pensi sita."

"Basi. Nenda zako Usagara ukatundikiwe nguo."

Akaipokea kadi. Ilikuwa kweli na vyumba kumi na viwili vilivyochorwa kwa wino mweusi, viwili vimebandikwa risiti, kumi vitupu. Chini yake palikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza, mistari minne. Dorkasi hakuhangaika nayo. Kadi yenye vyumba ilikuwa kitu alichokijua kuliko karani yeyote.

Hapa nimweleze msomaji ambaye hakukaa kambi ya mkonge. Mfanyakazi wa mkonge hakulipwa tarehe moja. Alipewa kipande, kadi yenye vyumba thelathini, na kila siku aliyomaliza kazi yake nyapara alitia alama chumba kimoja. Siku usiyofanya kazi hakuna alama. Ukiumwa, hakuna. Mvua ikinyesha mkonge hauanikwi, hakuna. Kipande kikijaa thelathini, hapo ndipo unakwenda ofisini kulipwa, iwe umechukua siku thelathini na tano au hamsini. Na mambo yote ya kambi yalifuata hivyo. Deni la dukani lililipwa kipande kikijaa. Sadaka, kipande kikijaa. Mtu akikukopa chumvi akakwambia nitakulipa, wote wawili mlijua ni lini. Si kwamba Dorkasi hakuzijua Januari na Desemba, alizijua vizuri na sikukuu zake, lakini hizo zilikuwa za kanisani. Pesa ilikuwa na kipande.

Kwa hiyo akaamua kwa kichwa chake mwenyewe, bila kumuuliza mtu: kipande changu kimoja kikijaa, najaza chumba kimoja cha Mzungu. Vipande kumi, vyumba kumi, tumemalizana. Akajiona amefunga hesabu.

Kipande cha kwanza kilijaa katikati ya Mei, kwa sababu ya masika. Akatembea mpaka posta ya Pangani. Karani pale dirishani alikuwa Idarusi, kijana wa mjini, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na sauti ya kubembeleza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka mani oda ya Uingereza. Pauni moja, shilingi tano, pensi sita."

Idarusi akaandika. "Itakuwa shilingi ishirini na tano na senti hamsini, na ada ya posta."

"Senti hamsini za nini? Nimesema pensi sita."

"Pensi kumi na mbili ndiyo shilingi, mama. Sita ni nusu yake."

"Kumi na mbili! Wanatawala dunia na hawawezi kuhesabu mpaka mia?"

Watu waliokuwa nyuma yake wakacheka, na Idarusi naye akacheka, akapokea fedha, akaichukua kadi aitazame anwani. Akaisoma chini. Kicheko kikaisha.

"Mama, mara ya mwisho umelipa lini?"

"Alilipa mwanangu. Chumba hiki hapa."

"Naona muhuri wa Februari. Sasa ni Mei. Hapa chini pameandikwa kwa Kiingereza. Nikusomee?"

Angesema ndiyo, hadithi ingeishia pale dirishani, na mimi nisingekuwa na la kukuandikia. Lakini Dorkasi alimwona mbele yake kijana mwenye kalamu, kola safi na Kiingereza, na hapo hapo akamwona Noa.

"Karani mmoja amenitia kwenye shimo hili," akasema. "Wa pili wa nini? Wewe soma stempu zako, mimi kadi nimejaza tangu hujabaleghe."

"Haya, mama. Nimefunga mdomo."

"Na risiti unipe."

Alirudi nyumbani, akaibandika risiti kwenye chumba cha tatu kwa uji wa muhogo, akaigongea kwa ngumi mpaka ikashika. Aliutazama ule mraba uliojaa, akafurahi kuliko alivyofurahi kwa paa jipya.

Akaendelea hivyo. Alijinyima sukari. Jumapili alikula dagaa wenzake wakila nyama. Kila kipande kikijaa anakwenda Pangani, anampa Idarusi pesa kimya kimya, na Idarusi naye anaandika kimya kimya, maana kijana akishafokewa mara moja mbele ya watu harudii. Barua zilikuwa zikija kutoka Uingereza, nyingi, nyingine zina wino mwekundu. Lakini kadi ilikuwa na jina la Noa na anwani ya Noa, kwa hiyo zilikwenda Usagara. Noa alizifungua mbili. Zilizobaki alizitandika chini ya godoro, kwa kuwa kitanda kilikuwa kinalia.

Septemba, Praxeda alikuja kuchukua shati la mumewe, akamkuta Dorkasi anabandika risiti.

"Hicho ni chumba cha ngapi, mama Noa?"

"Cha sita. Vinne mimi, viwili yule mpumbavu."

Praxeda akahesabu kwa vidole, pole pole kama alivyofanya mambo yote. "Mimi nina kalenda ya misheni ukutani. Tangu Pasaka ni miezi mitano imekwisha. Wewe umelipa minne. Na kabla yako kuna Machi, hakuna aliyelipa."

"Kalenda yako ina picha za watakatifu. Duka la Ulaya linauza watakatifu?"

"Miezi ni ileile, dada."

"Mama Bibiana, wewe ukikopa sabuni kwenye duka la kambini unalipa lini?"

"Kipande kikijaa."

"Basi."

"Lakini mwenye duka lile anatujua. Anaishi hapa, anaona mvua inanyesha. Huyo wa Uingereza anaona mvua yetu?"

Swali lilikuwa zuri, na Dorkasi alilijua kuwa zuri, ndiyo maana alikasirika. Akamrushia Praxeda shati mapajani. "Chukua nguo yako. Mtu anayesali kwa shanga ndiye atakayenifundisha hesabu?"

Praxeda akakunja shati. Alilipa, akaondoka, na hakuja tena mpaka Krismasi.

Usiku ule Dorkasi alikaa na kadi mbele ya taa ya chemni, akaisogeza karibu, akajaribu kuisoma ile mistari minne ya chini. Neno moja tu alilitambua, jina la duka. Angeweza kesho yake kumpelekea mwalimu wa shule ya misheni. Njia ilikuwa fupi. Akajiambia mwalimu atamcheka, kambi nzima itajua kwamba mama Noa aliyewasimanga wenye kadi ameshindwa kusoma kadi. Akaizima taa.

Januari ya 1956 ilipofika alikuwa amejaza vyumba tisa. Bado vitatu. Alishaanza kusema kwa sauti, "Bado vipande vitatu tu," na alishachukua kazi ya sare za kwaya ya Wakatoliki, magauni ishirini na manne, vitambaa vimekatwa na kurundikwa kitandani.

Siku ya Jumanne gari dogo lilisimama mbele ya nyumba. Akashuka mtu mzima wa makamo, kanzu safi na koti juu yake, akapiga hodi, akaamkiana naye kwa adabu zote. Akajitaja: Uweso, wakala, kutoka Tanga.

"Karibu, bwana Uweso. Umekuja kuona tunavyolipa?" Dorkasi akampa kadi kwa mikono miwili, akiwa amejinyoosha. "Hesabu mwenyewe. Sijaruka hata kimoja."

Uweso akavaa miwani. Alihesabu risiti, akasoma mihuri moja moja, midomo inacheza. Kisha akavua miwani.

"Mama, umelipa kwa uaminifu mkubwa. Nasema kweli. Lakini hizi tarehe zimekaaje?"

"Kila kipande kikijaa."

"Kipande gani?"

Akamwonyesha. Alikitoa kipande chake kilichokuwa kwenye mkono wa blauzi, kina alama kumi na saba. Uweso akakishika mkono mmoja, kadi ya kijani mkono wa pili, akavitazama kwa zamu. Alikuwa mtu wa mjini, lakini alielewa haraka, na hakucheka. Kutocheka kwake kulimtisha Dorkasi kuliko kitu chochote.

"Hapa chini wameandika," Uweso akasema, "pesa iwe imefika Uingereza kabla ya tarehe tano ya kila mwezi wa kalenda. Ikichelewa, faini. Na kadi nzima ijae kwa miezi kumi na miwili. Imekwisha tangu Desemba."

"Bado vitatu tu. Nipe vipande vitatu."

"Na hesabu yao huanza na kilichoagizwa kwanza. Kilichoagizwa kwanza ni suti. Halafu kofia. Halafu viatu. Pesa zako zimelipa hivyo kwanza, mama, pamoja na faini za kila mara uliyochelewa. Kwenye cherehani wameandika vyumba viwili tu."

Dorkasi akakaa kitandani, juu ya sare za kwaya. Miezi tisa ya dagaa. Alikuwa amemvisha Noa. Hakuwahi kumnunulia mwanawe hata soksi, na sasa amemlipia mpaka kamba za viatu.

"Noa yuko wapi?" akauliza.

"Nilimkuta Usagara, barazani. Ndiye aliyenielekeza kwako." Uweso akaikunja miwani. "Alikuwa amevaa vizuri."

Dereva na mtu mwingine wakaingia. Walifungua mkanda wa ngozi, wakainua kichwa cha cherehani, wakainua miguu yake. Mlangoni Uweso akageuka, akatoa karatasi mfukoni mwa koti.

"Mama, mimi si mtu mbaya. Mlipaji kama wewe duka linampenda. Naweza kukufungulia kadi mpya, kwa jina lako mwenyewe. Cherehani hii hii sirudi nayo Tanga, inarudi hapo ilipokuwa. Vyumba kumi na viwili tu. Weka sahihi."

Magauni ishirini na manne yalikuwa chini yake. Kalamu ilikuwa mbele ya pua yake. Mkono wake ulinyanyuka, na wewe unayesoma, wako ungenyanyuka pia.

"Nisomee kwanza maneno ya chini," akasema.

Uweso akasoma. Ilikuwa mistari ileile, na wa tano umeongezwa: deni lililobaki la kadi ya zamani litahamia kwenye kadi mpya.

"Faini za suti?"

"Na hizo."

"Chukueni chombo chenu," Dorkasi akasema. "Na hiyo kalamu."

Gari likaondoka. Majirani walikuwa wamesimama milangoni, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa wote walikuwa wameona. Dorkasi alivifunga vitambaa vya kwaya kwenye shuka. Alianza kuvirudisha, nyumba kwa nyumba, na kila mlango alisema neno lilelile bila kupunguza: nilitakiwa nisomewe nikakataa, niliambiwa nikatukana, sasa hakuna cherehani. Wengine walimpa pole. Wengine walisubiri ageuze mgongo. Mwanamke mmoja alimuuliza kama misumari imeadimika Uingereza, na Dorkasi akasimama akamsikiliza mpaka akamaliza.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Praxeda. Bibiana naye alikuwa mwanakwaya. Praxeda alipokea kitambaa kilichokatwa, akakigeuza geuza.

"Kimeshakatwa," akasema. "Nitakipeleka wapi? Mkono si unao?"

"Ninao."

"Basi shona kwa mkono. Lakini mishono ya Kizungu imekwenda zake na gari. Nakulipa nusu."

"Nusu ya bei mpya?"

"Nusu ya bei ya zamani, dada."

Dorkasi alimtazama yule mwanamke mnene, akatafuta neno la kumkata nalo. Alikuwa nayo matatu, yote mazuri. Akayameza.

"Nusu," akasema. "Lakini unilipe leo. Habari ya kipande kikijaa sitaki kuisikia."

Praxeda akaingia ndani kutafuta pesa, akamwachia kigoda.